Ngoma Ikivuka Boda, Doh Hubaki Wapi? Safari ya Hiti Kutoka Kapkatet Hadi Budapest

Panda mathree ya Dundori pale Nakuru tao. Kabla mfike Lanet utakuwa umesikia Kikuyu, Lingala, pijini ya Naija, Kizulu na Kiswahili cha Bongo, zote kwa spika moja. Dere haelewi nusu ya maneno. Konda anaimba yote. Na wewe hapo nyuma unatikisa kichwa tu, hujauliza hata siku moja, “Kwani huyu msee anasema nini?”

Dundori yenyewe imekaa mpakani, mguu mmoja Nakuru, mwingine Nyandarua, so watu wa huku wamezoea kuvusha vitu. Viazi vinatoka shambani asubuhi, jioni viko Nairobi. Na kila mkulima anajua kwamba kufika sokoni ni nusu ya story. Nusu ingine ni broker alipata ngapi, na mwenye shamba akabaki na ngapi.

Ngoma nazo husafiri hivyo hivyo. Kama wewe ni msanii wa mtaa, prodyuza wa bedroom, ama shabiki tu anayetaka kujua kwa nini hiti fulani inachezwa Mombasa, Mexico na Munich, tulia. Tutapitia ngoma nane zilizovuka boda na lugha, tuone nini kilizibeba, halafu tuseme ukweli kuhusu pesa.

1. Chemirocha: Mmarekani aliyepewa kwato

Wengi hudhani ngoma za majuu zilianza kufika Rift na TV ya dijitali. Zilifika kitambo sana, zikiwa ndani ya santuri, zikichezwa kwa gramofoni ya kuzungusha na mkono.

Moja ya hizo santuri ilikuwa ya Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuwa staa, na ambaye mpaka leo anaitwa baba wa muziki wa country. Alikuwa na mtindo wa kurusha sauti juu ghafla halafu kuishusha, unaitwa yodeli. Aliaga 1933 kwa ugonjwa wa kifua kikuu akiwa na miaka 35.

Wakipsigis walipomsikia hawakuwa na haja ya kujua Kiingereza. Ile sauti ya kuruka ilitosha. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wao: Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Hebu liweke kando ya Chebet, Chelimo na Chepkoech uone vile limeketi vizuri. Ni kama limezaliwa hapo.

Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet, kule Kericho. Akarekodi nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Ile iliyokuja kujulikana zaidi inaitwa Chemirocha III, wasichana wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na kinubi cha nyuzi kikilia nyuma yao. Kwa maelezo ya Tracey, huyo Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swara, fundi wa kuimba na kucheza.

Cheki hiyo vizuri. Rodgers alikuwa amekufa miaka 17. Hakuwahi kukanyaga Rift Valley. Lakini Kapkatet alikuwa anaishi, ana kwato, na anaimbiwa na madem wa kijiji kwa lugha ambayo hangeelewa neno.

Somo la kwanza liko hapo. Ngoma ikifika mahali, wenyeji huivua nguo ilizokuja nazo na kuivalisha zao. Jina jipya, ala mpya, story mpya. Ikikataa kuvuliwa, inabaki mgeni.

Na doh? Rekodi ilienda kuwekwa kwa maktaba ya muziki ya ILAM huko Afrika Kusini, ikasikizwa na watu wa mbali kwa miaka mingi. Nakala zilirudishwa Kapkatet baada ya zaidi ya miaka 60, kupitia ILAM yenyewe na Ketebul Music ya Nairobi. Walioimba wakiwa wasichana, kama walikuwa bado hai, walikuwa tayari ni manyanya.

2. Malaika: wimbo wa msee asiye na mahari

Kama kuna wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia, ni huu. Fadhili William, Mkenya, aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya sitini. Story yake unaijua hata kama hujawahi kuisikiza kwa makini: kijana anapenda dem, anataka kumuoa, mfuko hauna kitu. Hakuna nchi duniani ambayo haina huyo kijana.

Miriam Makeba, binti wa Afrika Kusini ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake, akaubeba. Uko kwa albamu ya 1965 aliyoimba na Harry Belafonte, na hiyo albamu ikashinda Grammy 1966. Mwaka wa 1967, bendi ya Sweden iitwayo Hep Stars ikatoa toleo lake. Mcheza kinanda wa hiyo bendi alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa wa ABBA. Boney M wakaufanya disko 1981. Usha Uthup wa India ameuimba miaka nenda miaka rudi. Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwa albamu yake Logozo, 1991.

Kuna kitu cha kushangaza hapo. Nyimbo nyingi zikivuka boda hutafsiriwa, lakini Malaika imeimbwa na Mxhosa, Wasweden, Mhindi na Mbenini, na kila mara Kiswahili kimebaki ndani. Sababu moja iko kwa neno lenyewe. Ma-la-i-ka: kila silabi inaisha na vokali, hakuna konsonanti za kugongana. Mtu wa lugha yoyote anaweza kulishika dakika moja na kulivuta mpaka pumzi iishe. Sababu ya pili ni melodi. Inapanda polepole, inashuka polepole, mtoto anaweza kuimba.

Sasa kuja kwa pesa. Jina lililozoeleka kwa karatasi ni la Fadhili William. Lakini Adam Salim alisema ni yeye aliyeutunga, tena mapema, miaka ya arobaini. Grant Charo naye akatajwa. Wazee wamebishana, wanahabari wameandika, na mpaka leo ukitaka kuharibu kikao cha wazee wa muziki Nairobi, uliza tu, “Malaika ni ya nani?”

Hii si porojo ya wazee. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi wa wimbo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Fadhili aliaga 2001. Kama yeye ndiye mtunzi kisheria, wimbo huo bado unalindwa hapa Kenya hadi mwisho wa 2051. Ni miaka mingi ya mirabaha, na jina linaloandikwa kwa hiyo safu ya mtunzi ndilo linaamua ni familia gani itakula.

Wimbo wa kijana asiye na mahari ukatengeneza mahari ya kutosha mtaa mzima. Swali ni ya nani.

3. Jambo Bwana na Komasava: salamu haina visa

Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Them Mushrooms wanapiga muziki kwa mahoteli ya Pwani. Kila jioni kuna watalii wapya wanaotaka kujua maneno mawili matatu ya Kiswahili kabla warudi kwao. Teddy Kalanda Harrison akatunga wimbo ambao kimsingi ni somo la salamu: mtu anasalimiwa, anaulizwa hali, anakaribishwa Kenya, anaambiwa hakuna shida. Jambo Bwana ikatoka 1982.

Santuri iliuza zaidi ya nakala 200,000 kati ya 1982 na 1987. Boney M, wale wale wa Malaika, wakatoa toleo lao 1983. Bendi zingine za Kenya nazo zikaufanya, maneno yakibadilika hapa na pale. Mtalii alikuwa anarudi nyumbani na kinyago, kikoi na huo wimbo.

Ona usambazaji ulivyokuwa. Hakukuwa na intaneti. Hoteli ndiyo ilikuwa TikTok. Watu wapya kila wiki, kutoka nchi tofauti, wanafundishwa wimbo ule ule, halafu wanatawanyika duniani nao. Ukipiga kwa hoteli moja mwaka mzima, umefika miji mia bila kutoka Mombasa.

Ruka miaka 42. Mwaka wa 2024, Diamond Platnumz anatoa Komasava na Khalil Harisson na Chley. Jina lenyewe ni “Comment ça va” ya Wafaransa, imeandikwa vile Mswahili huisikia. Ndani yake anazunguka akijulia watu hali kwa lugha tofauti, juu ya biti ya amapiano. Baadaye Jason Derulo akaingia kwa remiksi.

Ni mbinu ya Jambo Bwana, imebadilisha viatu tu. Salamu ndiyo kitu cha kwanza mtu hujifunza kwa lugha ya wengine, na ndiyo kitu ambacho hakuna mtu hukasirika ukimwambia. Mfaransa akisikia salamu yake kwa wimbo wa Mbongo, anahisi ameitwa kwa jina. Diamond hakutafsiri wimbo mzima. Alifungua mlango kidogo kwa kila lugha, biti ikaingiza watu.

4. Shauri Yako na Kasongo: boda ya karibu ndiyo tamu

Kabla ya kufikiria Ulaya, cheki majirani. Shauri Yako iliimbwa kwanza na Nguashi N’Timbo, Mkongo, tena kwa Kiswahili. Lakini Wakenya wengi wanaijua kwa toleo la Orchestra Super Mazembe, Wakongo wengine waliohamia Nairobi miaka ya sabini na kubaki. Walichukua wimbo wa nyumbani kwao wakauleta mahali ambapo lugha yake inaeleweka vizuri. Hapo tafsiri haikuhitajika. Kilichohitajika ni bendi kuhama.

Halafu kuna Kasongo. Super Mazembe waliitoa 1977 kwa Lingala. Ni wimbo wa kumsihi mwanaume anayeitwa Kasongo arudi nyumbani. Wazee wetu waliicheza kwa baa na harusi miaka na miaka, wengi bila kujua maana. Kisha mwishoni mwa 2024, vijana wa Kenya wakaichimbua, wakaijaza TikTok, na wakambandika Rais William Ruto jina la utani: Kasongo.

Hesabu: 1977 mpaka 2024 ni miaka 47. Wengi waliotrendisha hiyo ngoma hawakuwa wamezaliwa ikitoka, hata wazazi wao wengine hawakuwa wamezaliwa. Lingala hawajui. Walichochukua ni jina moja, linalosikika kama la mjomba fulani mtoro, na gitaa ambazo hazizeeki. Nyingine zote wakajaza wenyewe.

Kumbe boda si ya nchi pekee. Kuna boda ya umri pia, na ngoma inaweza kukaa kwa geti miaka arobaini ikingoja mtu wa kuifungulia.

5. Tetema: Mbeya hadi Budapest

Sasa kuja kwa ile iliyotafsiriwa kabisa. Rayvanny ni kijana wa Mbeya, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Ni mahali pa baridi na viazi, yaani mtu wa Dundori akifika huko hatashangaa sana. Mwaka wa 2019 akatoa Tetema na Diamond. Ikachoma Afrika Mashariki yote.

Ingeishia hapo, bado ingekuwa hiti. Lakini Maluma, staa wa Colombia, akaichukua. Toleo jipya likaitwa Mama Tetema, Kihispania kikachanganywa na Kiswahili, na Rayvanny mwenyewe yuko ndani. Novemba 2021 wakasimama pamoja jukwaani Budapest, Hungary, kwenye tuzo za MTV za Ulaya. Mswahili kwa hiyo steji, akiimba Kiswahili.

Kwa nini ilikubali kuwa ya Kihispania? Sikiza vokali. Kiswahili kina tano: a, e, i, o, u. Kihispania nacho kina tano hizo hizo, zinazotamkwa karibu sawa. Neno “tetema” mdomoni mwa Mcolombia halibadiliki hata kidogo. Jaribu kumpa Mwingereza neno hilo hilo, ataliviringisha mpaka ulikatae. So maneno ya aya yalibadilika, lakini neno la kiitikio likabaki, na ndilo linaloshikilia wimbo wote.

Wenzetu wa mbali walijua hii kitambo. Mwaka wa 1963, Kyu Sakamoto wa Japani alishika namba moja Marekani na wimbo wa Kijapani mtupu. Kule ng’ambo waliubadilisha jina tu, wakauita Sukiyaki, jina la chakula, kwa sababu jina halisi lilikuwa refu na gumu kwao. Wimbo wenyewe ni wa huzuni, hauna uhusiano wowote na nyama. Ni kama mtu achukue Malaika auite Githeri. Lakini uliuza.

Tofauti ya Sukiyaki na Mama Tetema ni hii: Rayvanny alikuwa ndani ya chumba wakati wimbo wake unabadilishwa nguo. Sauti yake iko, jina lake liko kwa kichwa cha wimbo.

6. Jerusalema: miguu ilitafsiri

Mwisho wa 2019, Master KG wa Afrika Kusini alitoa Jerusalema, Nomcebo Zikode akiimba kwa Kizulu. Ni kama ombi, ni kama wimbo wa kanisa uliopotea njia ukaingia klabu. Februari 2020, kundi la wachezaji densi wa Angola, Fenómenos do Semba, wakapost video wakicheza hiyo ngoma na sahani za chakula mkononi. Mwezi uliofuata dunia ikafungwa na korona.

Watu wakiwa wamejifungia, hizo hatua zikawa kitu ambacho unaweza kufanya na majirani bila kushikana. Manesi wakacheza, mapadri wakacheza, polisi wa Ulaya wakacheza. Kufikia Septemba, Rais Cyril Ramaphosa mwenyewe alikuwa anawaambia watu wake wacheze siku ya urithi wa taifa.

Hapa hakuna aliyetafsiri neno. Mzulu aliimba, Mwangola akaonyesha miguu, Mjerumani akafuata. Densi ndiyo ilikuwa tafsiri.

Halafu bili ikaja. Mwaka wa 2021, Warner Music kule Ujerumani ikaanza kudai ada za leseni kutoka kwa taasisi zilizokuwa zimepost video zikicheza. Wengine walikasirika, lakini kisheria video ni matumizi ya wimbo, na matumizi hulipiwa. Mwaka huo huo, Nomcebo akasema hadharani kwamba lebo haijamlipa hata senti kwa huo wimbo. Weka hizo story mbili pamoja. Karatasi inaweza kumfikia hadi polisi wa Ujerumani, lakini mwenye sauti bado anasema yeye hajafikiwa.

Basi ni nini hubeba ngoma?

Ukizipanga zote, vitu vinne vinajirudia:

*Kitu kimoja cha kushika.* Jina kama Kasongo, neno kama tetema, sauti kama yodeli, hatua za miguu. Msikilizaji wa nje hawezi kubeba wimbo mzima. Mpe mpini mmoja.

*Mbebaji.* Santuri, hoteli ya watalii, bendi inayohama, tuzo za MTV, klipu ya simu. Teknolojia hubadilika, lakini daima kuna mtu au kitu kinachosimama kati ya wimbo na boda.

*Nafasi ya mgeni kuingiza yake.* Kapkatet waliongeza kwato. Angola waliongeza sahani. Vijana wa Kenya waliongeza siasa. Ngoma iliyofungwa kila mahali haina pa kuingilia.

*Hisia ambayo haina nchi.* Kukosa pesa ya kuoa, kumsihi mtu arudi, kusalimia, kuomba, kutetemeka na mapenzi.

Lugha haimo kwa hiyo orodha. Usiogope kuimba yako.

Ukiwa Dundori na ngoma kwa simu

Sasa tuongee na wewe mwenye studio ya kitanda na godoro ukutani. Boda yako ya kwanza haiko Namanga wala Busia. Iko hapo Nakuru: kutoka Kikuyu kwenda Kalenjin, kutoka kwa Inooro na Kameme kwenda kwa Kass na Chamgei. Ngoma yenye kiitikio cha Kiswahili chepesi na aya za lugha ya mama inaweza kuingia pande zote. Na kwa kaunti ambayo 2008 iliona majirani wakikimbiana kwa sababu ya lugha wanayoongea nyumbani, wimbo mmoja kuimbwa pande zote mbili si kitu kidogo.

Lakini kabla ijulikane, panga karatasi. Hizi hapa, bila maneno mengi:

Jua una vitu viwili. Wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi, ni kitu kimoja. Rekodi uliyofanya studio ni kitu kingine. Vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Makeba alikuwa na rekodi yake ya Malaika, lakini hiyo haikumfanya mtunzi. Ukimwachia prodyuza rekodi kwa sababu hukuwa na pesa ya studio, hakikisha hujamwachia na utunzi.

Andikeni mgao siku hiyo hiyo. Mlikuwa watatu kwa chumba? Karatasi moja, majina ya kitambulisho, nani aliandika maneno, nani alitengeneza biti, asilimia ngapi kila mtu, mkono wa kila mtu chini. Fanyeni hivyo wakati wimbo hauna thamani na bado mnacheka pamoja. Ukishachoma, kila mtu atakumbuka ni yeye aliyeleta wazo. Uliza Malaika.

Sajili. Haki yako huanza ukishaandika au kurekodi wimbo, hata bila cheti. Lakini ukiwa mbele ya hakimu, cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kinaongea kuliko wewe. Usajili unafanywa mtandaoni.

Jiunge na wakusanyaji. Kenya tumezoea tatu: MCSK ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi, PRISK ya waigizaji na waimbaji. KECOBO ndiyo hutoa leseni kwa haya mashirika, so kabla ulipe kujiunga, thibitisha nani ana leseni mwaka huo.

Tafsiri ni ruhusa yako. Msee wa Kampala akitaka kuimba ngoma yako kwa Luganda, hiyo ni haki yako kumpa au kumnyima. Mpe, lakini kwa maandishi: jina lako linabaki kama mtunzi, na mgao wako unaandikwa. Kama inawezekana, sauti yako ibaki ndani vile Rayvanny alibaki.

Hakikisha sauti ya mtandaoni ni yako. Ngoma ikianza kutrendi, watu huchukua kipande kutoka kwa klipu ya mtu mwingine, na kinaonekana kama sauti ya huyo aliyeposti. Peleka wimbo wako kupitia msambazaji wa kidijitali kabla uanze kelele, upate kodi ya ISRC, ndiyo sauti rasmi iwe na jina lako. Video milioni zikitumia sauti isiyo na jina lako, umepata umaarufu na hakuna M-Pesa.

Ogopa maneno matatu. “Zote”, “popote” na “milele”. Mkataba unaosema unatoa haki zote, popote duniani, milele, ni sawa na kuuza shamba kwa bei ya gunia. Uza mavuno ya msimu. Shamba baki nalo.

Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na nafasi ya kujua haya yote. 1950 nani angewaambia? Fadhili na Adam Salim walikuja wakati karatasi ilikuwa kitu cha mzungu wa kampuni. Wewe simu unayosomea hii story ndiyo studio, ndiyo stesheni, na ndiyo ofisi ya usajili.

So leo jioni, kabla utume hiyo ngoma kwa grupu ya WhatsApp ya kitaa, tafuta wale mlioitengeneza nao. Kaeni chini dakika kumi. Andikeni majina.